Shikamoo, Kiongozi

Siku hizi biashara ya familia haipewi leseni mpaka ishindane kwenye televisheni, na kamera hufungwa jikoni kwenu, juu ya friji. Sisi tunapika maandazi. Watazamaji walipiga kura, wakanichagua mimi kuwa kiongozi wa mama yangu na kaka yangu Shaibu. Kanuni zinasema timu humwamkia kiongozi kila asubuhi, naye huitikia. Timu ikishindwa, kiongozi humtaja mmoja aondoke, kwenye timu na nyumbani pia.

Siku ya kwanza mama aliposema, "Shikamoo, kiongozi," nilikimbilia chooni kulia. Tukakatwa alama kumi. Wiki ya pili niliitikia huku nikiangalia sakafu.

Jana tulishindwa. Nilisema iliki iwe kidogo. Mama akasema amepika maandazi miaka thelathini, akaiongeza iliki. Tukagombana nchi nzima ikitutazama, Shaibu akikanda unga.

Leo asubuhi umeme ulikatika na kamera ikazima. Nikasema afadhali, tutaongea kama watu. Mama akaingia na chupa ya chai, akanikuta nimekalia kiti chake.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Nilikuwa nasubiri shikamoo yangu.

Mama aliitazama kamera iliyozima, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Akaweka chupa mezani, akainama kidogo.

"Shikamoo, kiongozi."

"Marahaba," nikasema, na sikuangalia sakafu. Hapo hapo nikajua nitamtaja nani, na kiti chake kitabaki changu.