Sauti ya Kobe

Sehemu ya kwanza ya katuni ilipoanza kwenye runinga, Mzee Kilindo aliingia sebuleni na viatu vyake vya shamba, akasimama nyuma ya wajukuu. Bintiye Shemsa alikaza vidole kwenye kiti. Hakuwa amemwambia baba yake kwamba sauti ya kobe bibi wa katuni hiyo ameiigiza yeye, na kwamba ameiga sauti ya marehemu mama yake Shemsa.

Kobe akachungulia mlangoni. "Nani huyo na matope yake? Nimeshadeki, bwana."

Mzee akaganda. Kisha akaiendea swichi ya runinga ukutani, akaiwekea kidole.

"Baba, nisamehe. Nilipaswa kukuomba ruhusa kwanza."

"Nyamaza. Mama yako anasema."

Kobe bado alikuwa anafoka. Mzee akaondoa kidole, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.