Skrini Ilipogeuka

Skrini ya ultrasaundi ilianza kugeuka taratibu, kana kwamba inakwepa mwanga wa dirisha, na moyo wa mama mjamzito ukamlipuka paa.

Pazia lilikuwa limefungwa. Na ujanja huo mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti huyu anayempima, mwanafunzi wake wa zamani, kwenye kitanda hiki hiki, mama alipokuwa mpimaji mkuu wa ultrasaundi hapa. Ukiona jambo shingoni mwa mtoto, usinyamaze. Geuza skrini, uliza habari za njiani, kisha pima tena.

"Shemeji," binti akamgeukia mume wa mjamzito, "mlikuta foleni?"

"Acha tu." Mume akavuta kiti. "Lori limelala katikati ya barabara, na bosi wetu huyu ana miadi." Akaonyesha tumbo la mkewe, akicheka.

Jeli ilikuwa imeanza kupoa. Kifaa kikarudi pale pale chini ya kitovu, kikatulia. Kitufe kikabonyezwa. Kikabonyezwa tena. Mama alijua kinachopimwa: majimaji nyuma ya shingo, ambayo unene wake ukizidi kiasi huashiria kasoro kwa mtoto, na mazungumzo hubadilika.

Akamtazama binti usoni. Binti akainamisha macho.

"Haya," mume akasema, akijifuta machozi ya kicheko, "bosi anaendeleaje?"

Binti akafumbua mdomo.

"Hujamweleza alichofanya dereva wa lori," mama akamwahi, akimgeukia mume. Akaushika mkono wa mumewe, akaubana. "Mweleze yote. Polepole, usiruke kitu."