Ngiri Asomea Uhandisi wa Mashimo

Hii naijua mimi peke yangu, na wengine wanaoisimulia wameiba kwangu.

Ngiri alizeeka akihamia mashimo yaliyoachwa na Mhanga, yule mchimbaji mwenye kucha kama majembe. Mvua ilipobomoa shimo la mwisho, mkewe akamwambia, "Baba Chepe, jifunze kuchimba, la sivyo tutaliwa na Chui."

Basi Ngiri, na mvi zake, akaingia chuo cha Mhanga kusomea uhandisi wa mashimo.

"Babu, umemfuata mjukuu?" vijana wa Mbweha wakamcheka.

"Nimefuata elimu. Sogea nikae."

Siku ya mtihani kila mmoja alichimba shimo lake, kisha akaonyesha anavyoliingia. Mbweha waliingia kwa kichwa, safi kabisa. Ngiri aliingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, kama alivyozoea maisha yake yote.

"Sifuri!" Mhanga akafoka. "Mhandisi gani anaingia kwake hivyo?"

Mara Chui akatokea. Mwalimu na wanafunzi wengine wakachomeka vichwa mashimoni, na kwa kuwa mashimo ya mtihani ni mafupi, mikia ikabaki nje. Chui akachagua wa mwalimu, akaanza kuvuta. Ngiri, ambaye peke yake alikuwa ametazama nje, akamwona, akachomoka na meno yake marefu. Chui alitimua mbio, na hadi leo sijasikia kama amesimama.

Mhanga akajipapasa mkia. "Umefaulu, Mzee Ngiri. Ila usisahau, kuchimba nimekufundisha mimi."

"Sitasahau, mwalimu. Sasa geuka, tuanze somo la kuingia."