Chungu cha Bi Mize

Siku hizo kipimo cha moyo kilijua mgonjwa aliyetengenezwa mishipa ya moyo ataishi siku ngapi, na sheria ilitaka jibu wapewe watu wa nyumbani tu, mgonjwa mwenyewe asiambiwe.

Bi Mize alirudi kutoka hospitali mguu umefungwa bendeji pale ulipotolewa mshipa wa kupandikizwa moyoni. Mkamwana wake, Mwanahawa, alimwekea mto mgongoni, akamletea wali na mchuzi wa nguru. Kwa ajili ya moyo ule, miaka saba Mwanahawa alimpikia katika chungu chake peke yake, kisichotiwa chumvi, na kila siku waligombana.

Bi Mize alionja. Tonge likamsimama mdomoni.

“Umekosea chungu, mwanangu?”

“Sijakosea, mama. Kula.”

Chumvi ilikuwa imekolea sawasawa. Bi Mize alimwona mwenziwe anavyokwepa macho yake, akamhurumia, akacheka.

“Kumbe kupika unajua wewe! Basi Ijumaa ijayo nipikie pweza wa nazi.”

Mwanahawa alikuwa ameshasimama, anajitanda kanga.

“Pweza namfuata sasa hivi, mama,” alisema bila kugeuka. “Utamla leo leo.”