Maranda Mfukoni

Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini.

Bi Msasa aliacha kuhesabu mikwaruzo, akaweka kisu, akayaokota maranda yote, hata yale membamba kama nywele, akayatia mfukoni. Upinde akaurudisha ukutani kwenye misumari yake miwili. Ng'ambo ya ua, baba yake na mdogo wake walikuwa bado mezani, wanakula na kucheka.

"Ee Mungu, nisamehe," alinong'ona. "Lakini leo niusikie ukivunjika."

Jina la Bi Msasa alipewa na huyo mdogo wake kwa utani. Miaka tisa katika karakana hii ya nyumbani, baba hakumpa kazi nyingine ila kulainisha pinde kwa msasa. "Mkono wako bado, mwanangu. Subiri." Kisha mdogo huyo, kitinda mimba, akarudi kutoka masomoni, na hata vumbi hajalizoea, akakabidhiwa mti na kisu atengeneze upinde. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni: mkubwa asugue sufuria, mdogo ashukuriwe.

Sasa mikono ya baba ilikuwa inatetemeka. "Upinde huu ukipiga sawa," alikuwa ametangaza, "aliyeutengeneza atarithi kisu changu na benchi hili." Asubuhi aliutazama mara moja tu, akasema, "Basi. Jioni tunaujaribu."

Walipokwenda kula, Bi Msasa alibaki kufagia. Vidole vyake vilipita juu ya mti, vikakwama mahali kwenye mkono wa juu wa upinde, ile nusu iliyo juu ya kishikio. Hapa ndipo utakapovunjika, akasema moyoni, na kisu kikaanza kukwangua.

Jioni walisimama uani. Kitinda mimba akaweka mshale.

"Vuta hadi shavuni," baba alisema.

Shavuni! Hilo Bi Msasa hakuwa amelifikiria. Aliliona lile shavu, na ule mti uliopinda karibu na jicho.

"Ngoja!" alipiga kelele.

Mshale ulikuwa umekwisha kuruka. Ulizama katikati ya gunia la shabaha.

"Ningoje nini, Bi Msasa?" mdogo wake alicheka. "Roho inakuuma?"

Baba hakucheka. Aliuchukua upinde, akaupapasa huku na huku, akarudia tena.

"Asubuhi mkono huu wa juu ulikuwa mgumu, haupindi sawa na wa chini," alisema. "Niliona, nikanyamaza kusudi. Nilitaka kujua nani kati yenu ana vidole vya kugundua. Nani ameupunguza?"

Bi Msasa alifungua kinywa.

"Mimi, baba," alijibu kitinda mimba, bila hata kupepesa jicho.

Baba akampa kisu. Mfukoni, ngumi ya Bi Msasa iliyabana maranda mpaka yakavunjika, kwa sauti aliyoisikia yeye peke yake.