Bunduki Iliyozama Mtoni

Kila asubuhi, kabla kamera hazijawashwa, mimi mtunza silaha wa filamu hii ya vita husoma namba za bunduki kwa sauti. Leo nilipofika ya saba, ulimi ulinikwama.

Namba ile ninayo kichwani. Ni ya bunduki ya mdogo wangu Rodion; aliiandika katika barua zake zote kutoka vitani Chechnya, akilalamika kwamba swichi yake ya usalama hukwama mpaka uipige kwa kiganja mara mbili.

"Vipi, mzee, umesahau kusoma?" akanitania mshauri wetu wa mambo ya vita. Huyu ndiye aliyekuwa kamanda wa Rodion. Ndiye aliyekunywa vodka ya matanga mezani kwetu, akamwapia mama kwamba mwanawe alizama mtoni na bunduki yake mkononi.

"Inafanana na ya Rodion, afande."

"Hizi zote mapacha, ndugu yangu. Hebu lete nimwonyeshe huyu mwigizaji, anaishika kama fagio."

Akaipokea huku akicheka. Bila hata kuitazama, akaipiga swichi kwa kiganja, mara mbili.

Kicheko kikamkauka.

"Afande," nikamwambia, "mdogo wangu ulimwacha wapi?"