Kifungo chenye Waya

Kila kifungo cha askari alichokichimbua kwenye kambi ya zamani, Mzee Songoro alikitungia kisa cha mwenye nacho: huyu alikimbizwa na bata, yule alioa mara tatu wiki moja. Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu.

Cha leo kilikuwa kwenye mifupa ya mtu. Mzee aliifukia tena, akaja nacho nyumbani akisugue kwa ndimu na majivu. Nyuma ya shaba ukatokeza waya uliosokotwa. Mjini hapa ni mkewe tu aliyeshona vifungo kwa waya, kwa sababu mtoto wao Zahoro alikuwa haishi kuvikata. Zahoro waliambiwa alivuka mpaka na askari wenzake, na mpaka leo chakula chake hufunikwa kila jioni.

Songoro alingoja moyo umshtuke. Haukushtuka. Aliendelea kusugua.

"Baba Zahoro, mbona kimya? Huyo naye alifanya nini?"

"Huyu mvivu. Vita vilipoanza alijilalia, hajaamka mpaka leo."

"Mwongo wee!" Mkewe alicheka, akanyoosha mkono wenye unga. "Hebu lete nikione."

Mzee alikifumbata kiganjani. Mkono wa mkewe ulikuwa bado umenyooshwa.